Deraya za Zamani na Njia za Maniema

Vifaru vilivyoundwa kwa haraka wakati wa Vita Kuu ya Pili, kati ya 1939 na 1945, vilikusudiwa kushinda vita hiyo kisha kuachia nafasi vingine vilivyo bora, lakini historia ya majeshi ya Amerika ya Kusini imeonyesha kwamba chuma kinachotunzwa kinaweza kuishi kuliko wahandisi waliokichora. Paraguay iliviondoa kazini vifaru vyake vya mwisho vya aina ya Sherman mwaka 2018, zaidi ya miaka 70 baada ya viwanda vya Marekani kuacha kuviunda, na Uruguay ilidumu kwa miongo mingi na kifaru chepesi cha M24, ambacho kiliingia vitani Ulaya mwishoni mwa 1944. Habari hiyo inaweza kuonekana kuwa mbali na mji wa Kindu, uliopo ukingoni mwa mto Lualaba, lakini ukweli ni kwamba Kongo nayo, hasa kati ya 1960 na 1964, ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo silaha za vita hiyo zilipewa maisha ya pili, na Maniema, mkoa uliko mji huo, ilizishuhudia zikipita kwa gharama kubwa ya maisha ya watu wake.

Kifaru ni gari zito linalotembea juu ya minyororo ya chuma badala ya magurudumu, lenye mzinga uliofungwa katika mnara unaozunguka, na lililofunikwa kwa deraya, yaani mabamba mazito ya chuma yanayowakinga askari waliomo ndani. Gari la deraya lenye magurudumu ya mpira ni jepesi zaidi. Kinga yake inatosha kuzuia risasi za bunduki na vipande vya bomu, si kombora la mzinga, lakini linaweza kupita barabara ambazo kifaru kingezama na kuvuka madaraja ambayo kifaru kingeyavunja. Tofauti hiyo ya uzito, ambayo katika vitabu vya kijeshi huandikwa kwa mstari mmoja tu, ndiyo iliyoamua katika misitu ya Maniema ni silaha gani ingefika na ipi ingebaki njiani.

Sherman ilikuwa kifaru cha wastani chenye uzito wa tani 30 hivi, na Marekani iliunda karibu 50,000, idadi kubwa kiasi kwamba baada ya 1945 vilibaki vingi bila kazi na vikauzwa au kugawiwa kwa bei nafuu katika mabara yote. Stuart kilikuwa kifaru chepesi cha tani 13 au 14, chenye mzinga mdogo wa milimita 37, ambao hata kabla ya vita kwisha ulikuwa hauwezi tena kutoboa deraya ya vifaru vya Ujerumani. Argentina, Chile, Brazili, Paraguay na Uruguay, kila moja kwa njia yake, zilijaza ghala zao kwa vifaa hivyo, na swali lililofuata halikuwa jinsi ya kuvipata bali jinsi ya kuvifanya viendelee kuwaka.

Jibu lilitoka karakanani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Argentina ilipokuwa ikigombana na Chile kuhusu visiwa vya Mlangobahari wa Beagle kiasi kwamba nchi hizo mbili zilikaribia kupigana Desemba 1978, mafundi wa Argentina walizitengeneza upya Sherman zao kwa kuzifungia mzinga wa milimita 105 wenye asili ya Ufaransa na injini ya dizeli badala ya ile ya petroli. Chile nayo ilikuwa na Sherman zake, hivyo kama vita ingeanza, vifaru vya ukoo mmoja vingekutana. Brazili ilifanya jambo la namna hiyo kwa Stuart zake: kampuni ya Bernardini ya São Paulo ilivipa vifaru hivyo vidogo mzinga wa milimita 90 na injini ya dizeli ya Scania, ambayo ilikuwa tayari inaendesha malori katika barabara za nchi hiyo. Uamuzi huo wa mwisho unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu unaeleza mengi zaidi kuliko ukubwa wa mzinga: kifaru kinachotumia injini ya lori la kawaida hakisubiri vipuri vya kuagizwa kutoka ng'ambo, na fundi yeyote aliyewahi kulitengeneza lori hilo anajua pa kuanzia. Paraguay, nchi isiyo na pwani na yenye bajeti ndogo, ilipokea Stuart kutoka Brazili na baadhi ya Sherman zilizotengenezwa upya kutoka Argentina, na ikaendelea kuzitumia, hasa kwa kufundishia, wakati ambapo mataifa yaliyoziunda yalikuwa yakizionyesha katika makumbusho.

Wachunguzi wengi wa mambo ya kijeshi hutaja sababu mbili za maisha hayo marefu, nazo ni uhaba wa fedha na uchache wa vita kati ya nchi na nchi katika bara hilo. Vita ya mwisho ya aina hiyo, kati ya Peru na Ecuador katika bonde la Cenepa mwaka 1995, ilipiganwa katika milima yenye msitu mnene ambako kifaru hakikuwa na nafasi. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazitoshi, kwa maana vifaru hivyo havikukaa bure. Tarehe 11 Septemba 1973, jeshi la Chile liliposhambulia ikulu ya La Moneda mjini Santiago na kumwondoa Rais Salvador Allende, Sherman zilikuwa miongoni mwa silaha zilizoelekezwa kwenye jengo hilo, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari 1989, Jenerali Andrés Rodríguez alipompindua Jenerali Alfredo Stroessner nchini Paraguay, vifaru vya kikosi chake cha wapanda farasi, kama kinavyoitwa bado kwa jina la kale, viliingia katika mitaa ya Asunción. Kifaru ambacho kingeteketea kwa dakika chache mbele ya jeshi la kisasa kilikuwa bado kinatosha kabisa kutawala mji. Uzee wa silaha, kwa hiyo, haupimwi kwa mwaka wa kuundwa kwake peke yake. Hupimwa pia kwa udhaifu wa yule aliyesimama mbele yake, na mara nyingi aliyesimama mbele yake alikuwa raia.

Afrika ya Mashariki inao ushahidi wake. Israeli, wakati ilipokuwa na uhusiano wa karibu na Uganda, iliipatia nchi hiyo vifaru vichache vya Sherman, na tarehe 25 Januari 1971 kikosi cha mitambo cha jeshi la Uganda kiliutumia uwezo wake wa deraya kuiteka Kampala na kumweka Idi Amin madarakani wakati Rais Milton Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola. Miaka minane baadaye, katika vita ya Kagera, mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu Amin alikabiliana na jeshi lililokuwa na vifaru vya Type 59 kutoka China na mizinga ya roketi ya BM-21, ambayo wapiganaji na raia waliiita Saba Saba. Katika vita hiyo daraja la Kyaka juu ya mto Kagera, lililovunjwa na Waganda mwanzoni mwa Novemba 1978, lilikuwa na uzito sawa na kikosi kizima cha vifaru, maana Tanzania haikuweza kusonga mbele na zana zake nzito hadi wahandisi wake walipoweka daraja jingine. Wanajeshi wa Maniema wa kizazi chochote wangeielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Njia za Maniema zilikuwa zimeshapitisha zana za vita kubwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Reli ya Kindu hadi Kongolo, yenye urefu wa kilomita 355, ilifunguliwa mwaka 1911 ili kukwepa maporomoko na miamba inayozuia meli katika sehemu hiyo ya Lualaba. Mwaka 1916, Wabelgiji walipotaka kuishambulia Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa na meli ya kivita Graf von Götzen, ndege chache za kutua majini zilizotolewa na Uingereza zilisafirishwa vipande vipande kutoka pwani ya Atlantiki, zikapanda mto hadi Kisangani, zikapokezana meli na treni kupitia Kindu na Kongolo, na mwishowe zikaunganishwa kando ya Ziwa Tanganyika. Meli yenyewe ilizamishwa na Wajerumani Julai mwaka huo, ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria na mizigo ziwani kwa jina la Liemba kwa vizazi kadhaa. Katika orodha yote ya zana za vita zilizoishi kuliko vita vyao, hiyo ndiyo yenye historia ya kupendeza zaidi, kwa kuwa mizinga yake iliondolewa na watu wakabaki.

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Umoja wa Mataifa ukaanza kupeleka wanajeshi wake mwezi uliofuata, majeshi mengi yaliyoitikia wito huo hayakuwa na magari mapya ya kutoa. Waayalandi walikuja na magari ya deraya ya Ford yaliyoundwa nchini mwao wakati wa Vita Kuu ya Pili juu ya fremu za malori, yenye bombomu moja, na magari mawili ya aina hiyo yalikuwa pamoja na kampuni ya Waayalandi iliyozingirwa Jadotville, yaani Likasi ya sasa, Septemba 1961. Waswidi walileta magari ya kubebea askari yaliyoundwa na Scania-Vabis na Volvo katika miaka ya 1940, ambayo nayo yalikuwa malori yaliyovishwa mabamba ya chuma na kuachwa wazi juu. Upande wa pili, askari wa Katanga waliojitenga chini ya Moïse Tshombe walikuwa na Greyhound, gari la Marekani la magurudumu sita lenye uzito wa tani nane hivi na mzinga wa milimita 37, ambalo zaidi ya 8,000 ziliundwa kati ya 1943 na 1945. Kwa maneno mengine, miaka 16 baada ya Berlin kuanguka, mapigano ya Elisabethville, mji mkuu wa Katanga, yaliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa mabaki ya vita ile ile, na kilichoamua matokeo ni nani aliyekuwa na risasi, maji na ndege.

Kindu yenyewe ilipata msiba wake katika kipindi hicho. Tarehe 11 Novemba 1961, marubani na wafanyakazi wa ndege 13 wa Italia, waliokuja na ndege mbili za mizigo aina ya C-119 kuwaletea mahitaji wanajeshi wa Malaya waliokuwa katika mji huo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, walikamatwa na kuuawa na askari wa Kongo walioasi. Miili yao ilipatikana mwaka uliofuata, na jina la Kindu limeandikwa hadi leo katika kumbukumbu zao nchini Italia. Ni haki kulitaja jambo hilo katika makala ya silaha, kwa sababu watu hao hawakuwa na silaha ya kuwasaidia, na ngome iliyokuwa karibu nao haikuwaokoa.

Mwaka 1964 ndio ulioiweka Kindu katikati ya hadithi hii. Waasi wa Simba, wakiongozwa katika uwanja wa vita na Nicolas Olenga, waliuteka mji mwezi Julai, na kutoka hapo walisonga hadi Stanleyville, yaani Kisangani, waliyoiingia mwanzoni mwa Agosti. Jeshi la Taifa la Kongo, ambalo kwa kifupi cha Kifaransa liliitwa ANC, lilikuwa na silaha bora kuliko waasi karibu kila mahali, lakini askari wengi waliziacha na kukimbia, hivyo malori na bunduki nzito zilibadilisha mikono bila kupiganiwa. Serikali ya Kinshasa, ambayo sasa iliongozwa na Tshombe mwenyewe, iliwategemea Wabelgiji, Wamarekani na mamluki ili kuurudisha upande wa mashariki. Kanali Frédéric Vandewalle wa Ubelgiji aliuandaa msafara wa kijeshi ulioondoka Kongolo tarehe 1 Novemba, ukafuata mwelekeo wa reli kupitia Samba na Kibombo, na kuingia Kindu katika wiki ya kwanza ya mwezi huo.

Msafara huo haukuwa na kifaru hata kimoja, na hilo halikuwa bahati mbaya. Barabara ya udongo ya Kongolo hadi Kindu ilivuka mito mingi midogo kwa madaraja ya magogo na vivuko vya kamba, na chombo cha tani 30 kingeishia katika mto wa kwanza uliofurika. Waliokwenda walikwenda na jeep zilizofungiwa bombomu, malori, na magari machache mepesi ya deraya yaliyotangulia mbele ili kupokea risasi za kwanza. Deraya ya milimita chache, ambayo katika vita ya Ulaya ilidharauliwa, ilikuwa mbele ya mikuki, marungu na bunduki za kizamani kinga isiyopenyeka, na ndiyo iliyowapa watu wachache uwezo wa kuingia katika mji wenye maelfu ya wakazi na kuuteka kwa muda mfupi. Baada ya Kindu, msafara ulilazimika kuvushwa Lualaba kwa kivuko, maana hapakuwa na daraja la magari, kisha ukaelekea Punia na Lubutu, na ukafika Stanleyville tarehe 24 Novemba, siku ile ile ambayo askari wa miamvuli wa Ubelgiji walidondoshwa huko na ndege za Marekani. Historia zilizoandikwa na mamluki wenyewe huueleza mwendo huo kama ushujaa. Waliofia katika vijiji vya kando ya barabara, waliouawa na waasi na waliouawa na msafara, hawana kitabu cha namna hiyo, na hesabu yao haijawahi kufanywa kwa bidii ile ile iliyotumika kuhesabu magari.

Juu ya msafara huo ziliruka ndege za B-26, ambazo muundo wake ulijaribiwa angani mara ya kwanza mwaka 1942. Marekani, kupitia shirika lake la ujasusi la CIA, ilizileta Kongo mwaka 1964, na waliozirusha walikuwa hasa Wakuba waliokuwa uhamishoni baada ya mapinduzi ya Fidel Castro. Baadhi yake zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa California, zikapewa mabawa yaliyoimarishwa na injini zenye nguvu zaidi, kiasi kwamba ndege ya zamani ilirudi ikiwa na uwezo wa kubeba mabomu mengi kuliko ilipozaliwa. Zaidi ya marubani, palikuwa na kampuni iliyoitwa kwa kifupi WIGMO, iliyosajiliwa Liechtenstein kwa niaba ya CIA, ambayo iliajiri mafundi wa Ulaya kuzihudumia ndege hizo chini. Hapo ndipo Kongo na Brazili zinapofanana na pia zinapotofautiana sana: katika nchi zote mbili mashine kuukuu iliishi kwa sababu fundi alikuwepo, lakini fundi wa São Paulo alikuwa wa nchi hiyo na ujuzi wake ulibaki nyumbani, ilhali fundi wa Kongo aliletwa kwa mkataba, na mkataba ulipokwisha aliondoka na ujuzi wake. Hasara hiyo ya pili imeigharimu Kongo zaidi kuliko ubovu wa chombo chochote.

Katika orodha za kijeshi za miaka ya karibuni, jeshi la Kongo, FARDC, limehesabiwa kuwa na vifaru vya T-55 na Type 59, magari ya deraya ya Kifaransa ya AML yaliyoanza kuundwa karibu na mwaka 1960, na vifaru vya T-72 vilivyonunuliwa Ukraine. T-55 na Type 59 ni watoto wa moja kwa moja wa T-54, kifaru ambacho Wasovieti walianza kukijaribu mwaka 1945, kwa hiyo damu ya vita ile bado ipo katika ghala za Kinshasa. Ng'ambo ya mto, Brazzaville imetajwa kwa muda mrefu kuwa na T-34 ghalani, kifaru kilichopigana Stalingrad, huku Madagaska na Benin zikitajwa kuwa na Greyhound. Tofauti ni kwamba adui wa leo hachukui mkuki. Kombora la RPG-7, lililoingia kazini mwaka 1961 na ambalo mtu mmoja hulibeba begani, hutoboa deraya nene mara kadhaa kuliko ile ya Sherman, na droni ndogo zinazodondosha bomu kutoka juu zimekifanya hata kifaru kipya kiwe na hofu ya anga.

Wanajeshi wa Uruguay waliijua Kindu kwa macho yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Uruguay ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa askari wengi kwa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, na kikosi chake kilipiga kambi Kindu, pamoja na mabaharia wake waliofanya doria mtoni. Jeshi hilo, ambalo nyumbani kwake lilikuwa bado na M24 za 1944 katika hesabu zake, halikuleta kifaru Maniema. Lilileta boti, malori na magari mepesi, likafanya kama msafara wa 1964 ulivyofanya, yaani likachagua chombo kwa kuitazama njia. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na unaonyesha kwamba nchi inayotunza vifaru vikongwe si lazima iwe haijui vita vya leo.

T-72 ina uzito wa zaidi ya tani 40, na njia pekee ya kuifikisha Kindu kwa ardhi ni behewa la reli kutoka Katanga kupitia Kabalo na Kongolo, reli ile ile inayosimamiwa sasa na shirika la SNCC na inayowaletea wakazi wa komuni za Kindu, yaani Kasuku, Mikelenge na Alunguli, mafuta, chumvi na saruji pale treni inapofika. Mara nyingi treni hiyo huchelewa sana, kwa sababu mataruma yameoza, tuta limemomonyolewa na mvua, na vichwa vya treni vinavyofanya kazi ni vichache. Gharama ya kuvitunza vifaru hivyo vichache katika hali ya kupigana, pamoja na mafuta, minyororo na mizinga yake, hutoka katika hazina ile ile inayotakiwa kulipia mataruma hayo, na wabunge wa Maniema wanayo haki ya kuuliza Kinshasa, kila bajeti ya ulinzi inapoletwa, kiasi gani kimetengwa kwa chuma kisichoweza kufika kwao na kiasi gani kwa njia ambayo chochote kitakachofika lazima kiipite.